Mvua Haisubiri Seva

Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya kilele cha Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea ambao wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa wameulilia kwa muda mrefu. Bei ya mfuko wa DAP wa kilo 50 ilikuwa imepita shilingi 130,000 baada ya soko la dunia kuvurugwa na korona, kisha na vita vya Ukraine. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 ili mfuko huo uuzwe shilingi 70,000, na wa urea hivyo hivyo. Kwa kuwa bei ya namna hiyo huvuta wajanja, mkulima alitakiwa kwanza aandikishwe kijijini kwake, ukubwa wa shamba ukiwamo, apewe namba ya utambulisho, aende nayo dukani kwa wakala, na wakala aiingize kwenye mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, ndipo mfuko utoke. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Mvua zilipokaribia, malalamiko yalianza kusikika mkoa baada ya mkoa, na yalifanana: mawakala ni wachache na wako mbali, foleni hazisogei, na mfumo unasumbua.

Neno hilo la mwisho ndilo linalostahili kushikwa na kuchunguzwa. "Mfumo unasumbua" ni kauli tuliyoizoea benki, hospitali na ofisi za ardhi, na husemwa kana kwamba ni ukungu ulioshuka kutoka milima ya Uporoto, jambo lisilo na mwenyewe. Nadai kwamba lina wenyewe. Mfumo unaokwama siku ya msongamano umekwamishwa na maamuzi ya watu, hata kama hawakukusudia, na maamuzi yenyewe ni mawili: tarehe ambayo watu wote waliambiwa waje, na sharti kwamba kila anayekuja aulizwe habari zake kwenye mashine moja iliyo mbali, papo hapo, kabla hajakabidhiwa kitu chake. Nguvu ya mashine yenyewe inakuja ya tatu kwa umuhimu. Anayeanza na hiyo ya tatu atanunua mashine kubwa zaidi, na msimu ujao ataikuta foleni palepale alipoiacha.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwenye biashara iliyo mbali kabisa na mahindi. Ijumaa ya tarehe 11 Julai 2008 kampuni ya Apple ilianza kuuza simu yake ya iPhone 3G katika nchi zaidi ya 20 kwa siku moja. Simu ya mwaka uliotangulia mnunuzi aliiunganisha mwenyewe nyumbani, kwa kompyuta yake, na wengi walitumia nafasi hiyo kuifungua na kuipeleka kwenye mitandao isiyokuwa na mkataba na Apple. Safari hii ikaamuliwa kwamba simu isitoke dukani kabla haijaunganishwa na laini yenye mkataba, na kazi hiyo ipitie seva za iTunes. Siku hiyohiyo wenye simu za zamani walifunguliwa mlango wa kupakua programu mpya ya kuendeshea simu, nayo ikazihitaji seva zilezile. Duka jipya la programu za simu lilikuwa limefunguliwa siku moja kabla, na huduma mpya ya barua pepe na kumbukumbu, MobileMe, ilizinduliwa wiki hiyohiyo. Asubuhi ya Marekani ilipofika, seva zilikuwa zimelemewa. Waliokesha kwenye foleni walishika mkononi simu mpya isiyoweza kupiga, na baadhi ya wenye simu za zamani walibaki na simu iliyokwama katikati ya mabadiliko. Kufikia mwisho wa juma lile simu milioni moja zilikuwa zimeuzwa.

Katika kisa hicho kuna mambo mawili ambayo hayapewi uzito wa kutosha. La kwanza ni kile wauzaji walichofanya foleni ilipoganda: waliwaruhusu wateja waende na simu zao wakaziunganishe nyumbani. Walitenganisha kukabidhi na kuhakiki, kazi mbili ambazo wakubwa wao walikuwa wamezifunga pamoja kwa kuogopa udanganyifu, na hatua hiyo haikuhitaji seva mpya hata moja. La pili ni kwamba mwezi uliofuata Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliwaandikia wafanyakazi wake akikiri kuwa lilikuwa kosa kuizindua MobileMe wakati mmoja na simu mpya, programu mpya na duka jipya. Kampuni ile haikukosa fedha za kununua mashine, wala haikukosa mafundi. Mkuu wake mwenyewe alipotafuta kosa, alilikuta kwenye ratiba. Nami naona kufanana kwake na mfuko wa DAP ni kwa karibu sana: kitu kiko dukani, mteja yuko dukani na fedha mkononi, muuzaji anataka kuuza, na wote wanasubiri jibu kutoka mahali ambapo hakuna hata mmoja wao anayepaona.

Kwa nini mashine iliyohudumia vizuri jana igande leo, wakati wateja wameongezeka kidogo tu? Hesabu zake zilianza kuandikwa na A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha andiko lake la kwanza kuhusu foleni za simu mwaka 1909. Lakini zinaweza kuelezwa kwa mashine ya kusaga ya kijijini. Tuseme mashine inaweza kusaga wastani wa madebe 10 kwa saa, jingine upesi na jingine polepole, na wateja hufika bila mpangilio, kila mmoja na debe lake. Wakija 5 kwa saa, kila mmoja atakaa pale dakika 12 kwa wastani, kusubiri na kusagiwa. Wakija 9 kwa saa, atakaa saa nzima. Wakija 9 na nusu, yaani mmoja zaidi kila baada ya saa mbili, atakaa saa mbili. Wakifika 10, foleni inarefuka bila kikomo, ingawa ukigawa wateja kwa saa unapata kwamba mashine inawatosha. Kwa hiyo kiongozi anaposimama na kusema mfumo umejengwa kuhudumia idadi ya wakulima waliosajiliwa, anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado foleni ikawa kilometa. Wastani wa msimu hauelezi chochote kuhusu wiki ya pili ya Novemba, mvua zinapokaribia.

Juu ya hapo, umati huzalisha umati. Tarehe 15 Juni 2010, siku ya kupokea oda za simu ya iPhone 4, kampuni ya AT&T ya Marekani ilizidiwa hadi ikasimamisha upokeaji wa oda. Apple ilitangaza kwamba oda za siku hiyo zilifika 600,000. AT&T kwa upande wake ilieleza kwamba ukurasa wa wateja kuangalia kama wanastahili bei ya punguzo ulitembelewa zaidi ya mara milioni 13. Ziweke namba hizo mbili pamoja: kwa kila simu iliyoagizwa, mfumo uliulizwa zaidi ya mara 20 kama mtu fulani anastahili. Yaelekea wengi waliuliza mara nyingi kwa sababu hawakupata jibu mara ya kwanza. Tabia hiyo kila mtu anaijua. Ukurasa ukichelewa, mtu hubonyeza tena. Wakala akiona kimya, huingiza namba ileile mara ya tatu. Mkulima aliyeambiwa arudi kesho hurudi kesho pamoja na wale ambao kesho ndiyo ilikuwa zamu yao. Mashine iliyoshindwa kumjibu mtu mmoja sasa inadaiwa majibu manne, matatu kati yake hayana kazi. Ndiyo maana mifumo haichoki polepole kama punda wa mizigo. Husimama wima, kisha ikaanguka yote kwa mkupuo.

Tarehe ndiyo chanzo cha umati, na Tanzania imelishuhudia hilo kwa ukubwa wa nchi nzima. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, kila alama ikilinganishwa na iliyo kwenye kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba. Muda wa miezi minane haukuwa mfupi, lakini namba ya NIDA ilikuwa lazima itangulie usajili wa laini, na waliokuwa bado hawana namba walijazana kwenye ofisi za wilaya mwaka ulipokaribia kuisha. Tarehe 27 Desemba Rais John Magufuli alisajili laini yake huko Chato na kuongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020. Msongamano haukuisha; ulihamia Januari, ukaisogelea tarehe mpya kama ulivyoisogelea ile ya zamani. Kilichopunguza kishindo ni uamuzi wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kuzima laini ambazo hazijasajiliwa kwa awamu badala ya zote usiku mmoja. Mamlaka hiyohiyo ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, haikumtaka mtu yeyote apange foleni popote: mwenye simu alibonyeza *#06#, akapata namba ya simu yake, akaituma kwenda 15090 na kujibiwa kama ni halali, na zoezi hilo lilikuwa wazi kwa miezi kadhaa kabla. Nchi ni ileile na mamlaka ni ileile. Tofauti iko kwenye namna shughuli ilivyopangwa.

Hapa lazima nikiri kwamba simu na mbolea hazifanani katika jambo moja kubwa, na jambo hilo linaifanya hoja kuwa nzito zaidi kwa Mbeya na Iringa. Tarehe ya kuzindua simu huchaguliwa na anayeiuza, na mteja akichelewa siku mbili hajapoteza kitu zaidi ya hamu yake. Tarehe ya kupanda huletwa na mvua. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mkulima wa mahindi wa Kilolo au Mbeya Vijijini hana msimu wa vuli wa kufidia alichokosa kwenye masika. DAP ni mbolea ya kupandia. Kazi yake kubwa ni kuupa mche fosforasi, na fosforasi haitembei udongoni. Lazima iwe karibu na mbegu tangu siku ya kwanza, mizizi iikute. Urea ya kukuzia inaweza kuchelewa siku chache na mahindi yakasamehe. DAP iliyopatikana wiki tatu baada ya kupanda haiwezi tena kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Mkulima aliyerudishwa mara mbili kutoka mjini analazimika ama kupanda bila mbolea, ama kuiacha mvua ya kwanza ipite, ama kununua mfuko kwa bei kamili, na katika njia zote tatu hasara ni yake. Anayepanga mfumo haioni hasara hiyo kwenye kioo chake, kwa sababu huonekana Juni, kwenye idadi ya magunia, ambako hakuna anayeiandika kuwa ni hasara ya seva.

Pingamizi la kwanza kwa yote haya ni rahisi na lina mantiki: siku hizi nguvu ya kompyuta hukodishwa kwa saa, basi ikodishwe nyingi mwezi wa Novemba na kurudishwa Desemba. Kwa aina fulani ya kazi jibu hilo linatosha kabisa. Siku ya matokeo ya Baraza la Mitihani, mamia ya maelfu ya watu hufungua kurasa zilezile kwa saa zilezile, na kwa kuwa kila anayefungua anasoma tu, kurasa hizo zinaweza kunakiliwa kwenye mashine kadhaa na mzigo ukagawanyika. Mbolea ni kazi ya aina nyingine. Kila mfuko unaotoka hupunguza stahili ya mtu fulani, na kupunguza ni kuandika kwenye daftari. Daftari likinakiliwa mara kumi na kila nakala ikaandikwa kivyake, mtu mmoja atachukua mifuko yake mara kumi. Kwa hiyo maandishi yote lazima yakutane mahali pamoja, yapange mstari, moja baada ya jingine, na hapo ndipo penye mlango mwembamba. Mashine kubwa hupanua mlango huo, na sipingi ununuzi wake. Lakini upana wowote una ukomo wake, na hesabu ya mashine ya kusaga inarudi palepale. Hata Marekani, tovuti ya serikali ya bima za afya ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, kila mtu alilazimishwa kufungua akaunti na kuhakikiwa kabla hata ya kuona bei. Siku ya kwanza walifanikiwa kujiunga watu 6.

Pingamizi la pili linasema tatizo si seva hata kidogo, ni mtandao na umeme. Lina ukweli mwingi, pengine kuliko wataalamu wa mjini wanavyokubali. Wakala mwenye duka bondeni, ambako simu hushika mtandao ukisimama upande mmoja wa mlango, hawezi kuhudumia watu wengi hata seva ikiwa imelala usingizi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja na sehemu kubwa ya Tanzania ikakaa na intaneti ya kuvizia kwa siku kadhaa. Ajali ile ingetokea Novemba, hakuna ukubwa wa seva ambao ungesaidia mfumo unaotegemea njia hiyo. Lakini tukilitazama vizuri, pingamizi hili linaniunga mkono. Kama njia kati ya duka la Mafinga na seva ina sehemu nyingi za kukatika, basi sharti la kuuliza papo hapo ni zito mno kwa njia hiyo kulibeba. Kisichoweza kutegemewa kila dakika kisipewe kazi inayohitaji kila dakika.

Na mfano wa kufanya vingine upo, umetundikwa ukutani kwenye nyumba nyingi za Mbeya na Iringa. Ni mita ya LUKU. Unaponunua umeme unapewa tarakimu 20. Ukiziingiza, mita haimpigii mtu yeyote simu wala haihitaji intaneti. Ina ufunguo wake ndani, inazisoma zile tarakimu, inajua kama zimetengenezwa kwa ajili yake, kwa uniti ngapi, na kama zimewahi kutumika. Swali lote limejibiwa ndani ya kijisanduku. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa nchi nzima, waliopata taabu ni wale ambao uniti zilikuwa zinawaishia siku zile. Mwenye uniti ndani ya mita aliendelea kuwasha taa kama kawaida. Nalichukulia tukio hilo kama jaribio ambalo hakuna aliyelipanga, lenye jibu safi: sehemu ya huduma iliyosubiri kituo kikuu ilikufa pamoja nacho, na sehemu iliyokuwa imeshamaliza mazungumzo na kituo kikuu ilibaki hai.

Kwa mbolea ingekuwa hivi. Mkulima aliyehuisha taarifa zake Julai au Agosti apokee ujumbe wa maneno kwenye simu, hata kitochi, wenye tarakimu zinazobeba stahili yake: mifuko mingapi, ya aina gani. Simu janja ya wakala iwe na programu yenye uwezo wa kuzisoma na kuzithibitisha yenyewe, bila mtandao, iandike kwamba zimetumika, na usiku au siku mtandao unapopatikana itume hesabu ya siku nzima kwa mkupuo. Mlango mwembamba unabaki, lakini sasa wanaopita ni mawakala, usiku, hesabu zao zikiwa zimefungwa pamoja, na mkulima ameshafika nyumbani na mfuko wake kwenye bodaboda.

Udhaifu wake lazima usemwe, kwa sababu ndipo pingamizi la tatu, lililo zito kuliko yote, linapoingia. Mita ya LUKU ni moja kwa kila nyumba. Maduka ya mbolea ni mengi. Tarakimu zilezile zinaweza kutumika asubuhi kwa wakala mmoja na mchana kwa mwingine, na hakuna kati yao atakayejua hadi usiku. Serikali haikuweka uhakiki wa papo hapo kwa kupenda usumbufu. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008 uliharibiwa na vocha zilizoishia mikononi mwa wasiostahili, na wapo mawakala waliozinunua kutoka kwa wakulima bila mbolea yoyote kutoka ghalani. Mfuko wenye bei ya ruzuku ni kishawishi kikubwa kwa mtu aliye karibu na mpaka wa Tunduma au Kasumulu. Mwenye kukumbuka hayo ana haki ya kuogopa mfumo unaoamini kwanza na kuuliza baadaye.

Jibu langu lina sehemu mbili. Tarakimu zinaweza kufungwa kwa wakala mmoja, au chama kimoja cha ushirika, ambacho mkulima amekichagua mwenyewe wakati wa kuhuisha taarifa. Hapo hazitasomeka kwingine, kama tarakimu za mita ya Uyole zisivyowasha taa ya Ipogolo. Hilo lina gharama yake, kwani wakala mwenye wateja waliofungwa anaweza kuwa mzembe au kuwaringia, na kwa hiyo ruhusa ya kuhama lazima iwepo, ikitolewa mapema wakati mfumo hauna msongamano. Sehemu ya pili ni kupima hasara mbili kwa mizani moja. Wizi wa kutumia tarakimu mara mbili utaonekana usiku uleule, ukiwa na jina la wakala, jina la mkulima na idadi ya mifuko. Ni wizi unaoacha nyayo na unaoweza kulipwa kwa dhamana ya wakala. Hasara ya mkulima aliyekosa DAP wiki ya kupanda haiachi nyayo wala haina wa kuilipa. Mfumo unaozuia hasara ya kwanza kwa kuongeza ya pili umeihamisha gharama kutoka kwa mwenye uwezo wa kuifuatilia kwenda kwa asiye nao, na sioni haki ndani yake. Walinzi wa fedha za umma wana kazi halali. Naomba tu kazi hiyo ifanyike baada ya mfuko kutoka, sio kabla.

Kuna pingamizi jingine ambalo husemwa kwa sauti ya lawama: watu wetu hupenda dakika za mwisho. Wangejitokeza Septemba, wasingepanga foleni Novemba. Kauli hiyo inatazama kalenda ya ofisi na kusahau kalenda ya fedha za mkulima. Mahindi huvunwa kati ya Mei na Agosti, na fedha huingia yanapouzwa, sokoni au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Fedha hizo zina wenyewe wengi kabla ya kufika Novemba: deni la msimu uliopita, ada, bati, ugonjwa, harusi. Anayenunua mbolea Novemba mara nyingi ndipo alipokamilisha fedha za mfuko, kwa kuuza debe moja moja. Kumlaumu kwa kuchelewa ni kumlaumu kwa kutokuwa na akiba. Lakini ndani ya lawama hiyo mna njia ya kutokea. Kama mfumo ungemruhusu kudunduliza, alipe shilingi 10,000 leo na 15,000 mwezi ujao kwa simu yake, dhidi ya namba yake ileile, malipo yangetawanyika toka Julai hadi Oktoba na wiki ya mvua ingebakiwa na kazi ya kukabidhi tu. Pesa za simu tumezizoea tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Mkulima wa Isimani hahitaji semina ya kuzielewa.

Hata mvua yenyewe, ambayo nimeieleza kama tarehe isiyobadilika, haishuki siku moja kila mahali. Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na mapema. Miinuko ya Mufindi na Kilolo hupanda wakati Isimani, iliyo chini na kavu zaidi, bado inatazama mawingu. Mbarali yenye mpunga wa umwagiliaji ina ratiba yake, na hitaji lake kubwa ni urea ya kukuzia, ambayo inavumilia kuchelewa kuliko DAP. Kwa hiyo msongamano wa siku moja kwa mikoa yote hautokani na mbingu. Hutokana na kufungua mauzo kwa tangazo moja la kitaifa, kwa aina zote za mbolea na kanda zote, kama vile nchi nzima ni shamba moja. Maofisa ugani wanajua kata ipi hupanda lini. Maarifa hayo yapo, yako vichwani mwao na kwenye taarifa zao, lakini mfumo haukupangwa kuyatumia.

Kuyatumia si kazi ya ajabu. DAP ipewe njia yake ya mbele, urea ifuate. Kata za miinuko zifunguliwe wiki kadhaa kabla ya kata za bondeni, na akiba ya mifuko isogezwe kwa mpangilio huohuo, kwa maana programu nzuri juu ya ghala tupu ni udanganyifu mwingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla hazijaanza, na siku hiyo ndiyo naiona kuwa mtihani wa kweli wa mfumo: utabiri unaposomwa redioni, tarakimu ziwe zimeshalala kwenye simu za wakulima, mifuko iwe kwenye kata, na programu za mawakala ziwe zimeshajaribiwa zikiwa zimezimiwa mtandao kwa makusudi, kwenye duka halisi, na foleni halisi, mwezi wa Septemba, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa bila mtu yeyote kupoteza mahindi.